Gramu Tisa

Mzani wa ukumbi wa Llanelli hauna jamaa wala rafiki:
kilo moja na nusu, na gramu tisa juu yake.
Kijana wa kupima ananitazama kwa upole wa daktari.
"Punguza, Emrys. Una dakika arobaini."

Gramu tisa ni nini?
Barua moja ndani ya bahasha yake.
Sukari ya kikombe kimoja cha chai.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini nani alikaa akanifundisha kukipunguza?

Nampindua Mamgu tumbo juu kwenye meza ya kukunja.
Mamgu ni bibi, kwa Kiwelisi chetu,
na jina limemfaa, maana mwili wake ni ubao wa jikoni,
ule mweupe wa plastiki
mama aliokatia vitunguu miaka ishirini na sita.
Nilipoupitisha msumeno gereji nzima ilinuka vitunguu,
au nilidhani.
Makovu ya kisu bado yapo, membamba, yamekingamana.
Sikuyapiga msasa.

Nipunguze wapi?
Mota haikatwi.
Betri ndiyo kabisa: mwezi jana moja ilivimba kama chura,
nikakimbia nayo hadi ndoo ya mchanga
huku Lowri amesimama mlangoni, mikono kiunoni,
kimya,
na mimi namjua mke wangu, heri angefoka.
Ubapa wa silaha? Ukiugusa kwa tupa, tupa ndiyo huliwa.
Nikatoa skrubu moja ya fremu. Gramu moja na robo.
Nikabandua stika ya joka jekundu.
Robo gramu.
Taifa zima, robo gramu.

Ukabaki ubao.
Pasipo makovu ndipo panapofunika betri,
basi nikatoboa penye makovu.
Tundu saba, na vinyweleo vyeupe vikiniangukia viatuni.
Kwenye tundu la saba mkono ukacheza,
drili ikateleza, ikaula mkanda wa silaha.

Mkanda wa akiba uko nyumbani,
juu ya friji,
nauona hasa ulivyojikunja.

Akaja Tirion wa Pontypridd, miaka kumi na mitatu,
meno yamefungwa waya, vidole vina majivu ya risasi.
Ndiye mpinzani wangu. Roboti wake anaitwa Gego.
Akaweka mkanda mpya mezani.
"Chukua. Sikupanda treni mbili nije kupigana na meza."
Nikaufunga. Akaubonyeza kwa kidole gumba, akakunja uso.
"Umeukaza mno, utachoma mota."
Akaulegeza yeye mwenyewe,
kwa bisibisi yangu,
akanipigia hesabu ya dakika zilizobaki
kama mama anayemchelewesha mtoto shule.

Pambano ni dakika tatu.
Letu lilikwisha kwa sekunde hamsini na moja.
Mamgu alimng'ata Gego gurudumu, nitalisema hilo hadi kaburini,
kisha Gego akamchota, akamrusha hadi dari ya kizimba,
na aliposhuka akapasuka palepale nilipotoboa,
tundu kwa tundu,
kama stempu.

Watu walishangilia. Nami nilishangilia; ulikuwa mtupo mzuri.

Usiku Lowri aliuliza, "Vipi?"
Nikamwaga mfuko juu ya meza: mota nzima, betri nzima,
waya kama tambi zilizopoa,
na kipande cha ubao ukubwa wa kiganja.
Akakiokota. Akakigeuza kwenye mwanga.
Akakiosha kwa sabuni, mara mbili,
akakatia kitunguu saumu.

Mkanda wa Tirion ninao mfukoni hadi leo.
Nilisahau kuurudisha,
au nilidhani.
Novemba tunakutana tena. Nimekwisha kuwaulizia
majirani, mlango kwa mlango,
nani ana ubao wa jikoni uliochoka.